Shukrani Iliyotangulia

Redio ya Msusi ilikuwa haizimwi. Tangu anafungua mlango asubuhi mpaka mteja wa mwisho anajitazama kwenye kioo na kwenda zake, redio ililia juu ya kabati: habari, muziki, matangazo ya sabuni, vyote kwa sauti ya kupasua kichwa. Wateja walilalamika weee, wakachoka. Jumatatu hiyo mmoja wao, shingo kaiinamisha asukwe kisogoni, alishindwa kuvumilia.

"Mwenzangu, punguza kidogo. Nimekuja kusukwa, sikuja kucheza ngoma."

"Kitufe kimeharibika," alijibu Msusi. "Ikiwaka ni hivyo hivyo."

Uongo mtupu. Kitufe kilikuwa kizima. Nyuma ya pazia la maua, hatua sita tu kutoka kwenye kiti cha wateja, alilala mumewe, Fundi Rangi, na Fundi Rangi alikuwa anakohoa. Kikohozi kikimjia alichukua mto, akaukandamiza usoni kwa mikono miwili, akakohoa humo humo mpaka machozi yakamtoka. Mtu mzima, aliyepuliza rangi magari miaka ishirini na miwili, gereji nzima ikimwamkia kwa heshima, leo anakohoa kwa kujiiba nyumbani kwake mwenyewe.

Na yote hayo kwa nini? Kwa sababu kanisani kwao, Fundi Rangi alikuwa amepona.

Aliyesema amepona ni Msusi. Wiki saba zilizopita, hospitali ilimvuta maji kwenye pafu, na kanisa likafunga na kumwombea siku tatu. Siku ya nne aliamka mwepesi, akaoga mwenyewe, akala, akatembea mpaka barabarani na kurudi. Jumapili yake Msusi hakungoja kuitwa. Alikimbilia mbele, viatu mkononi, akashika kipaza sauti. "Mume wangu amepona! Hana ugonjwa tena!" Watu waliruka, vigelegele vikapigwa, Mchungaji akafuta machozi, na Katibu wa akina mama akaandika kwenye daftari la shuhuda, tarehe na saa. Msusi siku ile aliamini kila neno alilotamka. Kikohozi kilirudi siku kumi na moja baadaye.

*

Msusi angeweza kulimudu jambo hilo kama si mama mkwe.

Bibi alikuwa na masikio mazito, na kwa kuwa yeye hasikii, alidhani dunia nzima haisikii. Kwa Mungu ndiyo usiseme. Hakuwa na saa ya kusali wala mahali pa kusalia. Aliongea na Mungu akichambua mchele, akifunga kanga, akitafuta vitu vyake, na aliongea kwa sauti ya mtu anayemwita jirani ng'ambo ya uwanja. Jumatatu hiyo hiyo, mteja yule angali kitini, sauti yake ilipita pazia, ikaipita na redio.

"Mungu, kiatu changu cha kushoto umekiona? Kama umekiona niambie, sakafu ina baridi hii! Na huyu mwanangu anakufa, unamwangalia tu? Tangu jana pumzi haifiki. Njoo basi!"

Mteja aliinua kichwa. "Nani anakufa?"

"Ni mchezo wa redio," alisema Msusi, akamrudisha kichwa chini. Alisuka kwa haraka, na mstari aliokuwa anasuka ukaenda upande. Mteja aliona kwenye kioo, akasonya, akalipa pungufu, akaondoka. Msusi hakubisha. Alisukuma pazia kwa hasira.

"Mama, nimekuomba mara ngapi? Omba kimoyomoyo."

"Nini?"

"Kimoyomoyo!"

"Kimoyomoyo nitajuaje kama amesikia?"

"Na watu wakisikia je? Tutamwaibisha Mungu, Mama! Nilishasema mbele ya kanisa kwamba amemponya."

Bibi alimtazama mkwewe kwa mshangao wa kweli, kiatu kimoja mguuni. "Aaibike kwa lipi? Kwani anayeumwa ni yeye?"

Kitandani Fundi Rangi alijaribu kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alipomaliza alibaki amefumba macho, mbavu zikipanda na kushuka.

"Kliniki imepita wiki tatu sasa," alisema polepole. "Daktari alisema kila mwezi nirudi, maji yatarudi."

"Najua alichosema daktari. Dirishani pale unajua anakaa nani?"

Alijua. Kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa alikaa Katibu, Katibu yule yule wa daftari la shuhuda. Kadi ya Fundi ingepita mikononi mwake kabla ya kufika kwa daktari.

"Subiri kidogo tu, baba," alisema Msusi, sauti imelainika. "Labda kitaondoka kama kilivyoondoka mwanzo."

Lakini hata yeye hakuwa anakiombea kikohozi hicho kiondoke. Hilo hakumwambia mtu. Zamani kila kichwa alichokishika alikiombea kimya kimya, kuanzia utosini mpaka shingoni: huyu mume wake amtazame, huyu apate mtoto, huyu mwenye madeni apumue. Sasa vidole vilisuka na moyo ulikuwa mkavu. Kila akitaka kufungua mdomo alijiuliza ataombaje tena kitu alichokwisha kukishukuru. Ataanzaje? Atamwambia Mungu kwamba ile kazi aliyomsifia mbele za watu, hakuifanya? Aliona haya, akanyamaza, na kila siku aliyonyamaza iliongeza ugumu wa kesho yake.

*

Jumanne Mchungaji alibisha hodi bila taarifa. Kufumba na kufumbua Fundi Rangi alivishwa shati, akaketishwa kwenye kiti cha wateja, akachanwa nywele. Bibi alitumwa dukani kununua chumvi ambayo ndani ilikuwapo tele.

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, kola imechakaa, kisigino cha kiatu kimelalia upande. Alimshika Fundi mkono kwa mikono yake yote miwili na kumtazama kwa furaha ambayo Msusi alishindwa kuiangalia.

"Jumapili hii tuna wageni kutoka makao makuu," alisema. "Nimewaeleza habari zenu. Nataka safari hii Fundi asimame mwenyewe. Dakika mbili tu, kaka. Wakuone."

Fundi alikuwa amebana pumzi tangu mgeni alipoketi. Aliitikia kwa kichwa, hakufungua mdomo.

"Amefurahi mpaka amekosa la kusema," alisema Msusi.

Mchungaji alicheka, kisha uso ukamshuka. "Niwaambie ukweli, ndugu zangu. Mwaka huu nimezika watu tisa. Watu wanakuja kanisani wamevunjika. Nikisimama pale mbele sina cha kuwapa, nawataja nyinyi. Nyinyi ndio mmetushikilia."

Alipotoka nje, hata kabla hajavuka mtaro, Fundi aliachia kikohozi alichokuwa amekifunga. Msusi alirukia redio.

"Tutafanyaje?" aliuliza Fundi alipoweza kusema.

"Utasimama," alisema Msusi. "Dakika mbili. Utajikaza kisabuni."

*

Jumatano Msusi alifunga saluni mchana, akaweka kibao mlangoni kwamba ametoka, akaanza kumfundisha mumewe kupanda. Madhabahu ya kanisa lao ilikuwa na ngazi tatu. Msusi aliweka kigoda, akaweka ndoo aliyoipindua, akaweka kiti.

"Panda. Taratibu. Usitazame chini, watajua."

Fundi alipanda kigoda. Alipanda ndoo, mkono wake mmoja ukipapasa ukuta.

"Ukuta kule haupo, baba. Tena."

Alirudi chini, akaanza upya bila kushika kitu. Safari hii alifika juu ya kiti, jasho linamchuruzika.

"Sasa sema."

"Bwana asi..."

Kikohozi kilimkata, akakamata bega la mkewe asianguke. Msusi alimshusha, akampa maji, akamfuta uso, akasema "tena." Alipanda mara tano. Mara ya tano aliweza kusema sentensi nzima, na Msusi akapiga makofi peke yake katikati ya chumba. Fundi hakushuka. Alibaki amesimama juu ya kiti, fulana imemganda mwilini, anamtazama mkewe kutoka juu.

"Mke wangu, unamwogopa nani? Mungu au Katibu?"

"Nawaogopa wote."

"Haya. Mimi naogopa kufa. Hilo umewahi kuniuliza?"

Msusi alimshika mkono kumsaidia kushuka, na Fundi akauondoa, akashuka mwenyewe. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa na hakuwahi kumwondolea mkono. Msusi alikwenda uani akajifanya anafua taulo ambazo zilikwisha kufuliwa asubuhi, akalia juu ya beseni. Hata hapo alishindwa kusema lolote kwa Mungu.

*

Jumamosi asubuhi Katibu alikuja kusukwa apendeze mbele ya wageni. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kauli ya ofisini hata akiongea habari za vitunguu. Alijimwaga kitini, taulo mabegani.

"Mistari midogo midogo, irudi nyuma. Na shemeji hajambo?"

"Hajambo kabisa."

"Mungu mkubwa. Kesho nimemwekea ukurasa mpya kwenye daftari."

Msusi alisuka haraka, redio ikipiga kelele juu ya kabati. Alikuwa amemaliza nusu ya kichwa, upande wa kulia, mistari imenyooka, upande wa kushoto nywele zimesimama wima baada ya kuchanwa, umeme ulipokatika.

Nyumba ilinyamaza mara moja. Katika ukimya ule walisikia wote wawili, wazi, mtu anakohoa ndani ya mto.

Katibu aligeuza shingo. "Nani huyo?"

"Jira..." alianza Msusi. Alitaka kusema jirani. Ukuta ulikuwa mwembamba, uongo ungepita. Lakini kikohozi kilikatika katikati, si kama kilivyokuwa kikiisha siku zote, kwa kuguna na kuhema. Kilikatika tu, na nyuma ya pazia kitu kizito kikagonga sakafu.

"Mungu!" sauti ya Bibi ilijaa nyumba. "Mungu, shika! Shika mwanangu!"

Msusi alikuwa bado ameshika nywele za Katibu, ncha tatu kati ya vidole. Aliziachia.

"Ni mume wangu," alisema. "Hajapona. Siku ile sikudanganya, Katibu, naapa sikudanganya. Nimedanganya kila siku tangu siku ile."

Akalivuta pazia mpaka kamba ikang'oka.

Fundi Rangi alikuwa chini, midomo imebadilika rangi, macho yametoka, anavuta hewa isiyoingia. Msusi alipiga magoti akamwinua kichwa. Alidhani Katibu atasimama pale na kuuliza maswali. Katibu alimsukuma kando. "Wewe miguu, mimi mabega. Bibi, fungua mlango!"

Walimbeba mpaka barabarani wakapata gari la kubebea mchanga, dereva akawashushia ubao wa nyuma. Watu walitoka kutazama, na wengine, Mungu awasamehe, walicheka kumwona Katibu wa akina mama na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, taulo bado mabegani. Katibu hakujifunika. Alikaa juu ya mchanga, kichwa cha Fundi mapajani, akimpepea kwa kiatu chake.

Kliniki dirisha lilikuwa limefungwa kwa kuwa ni Jumamosi. Katibu alitoa funguo mfukoni, akaingia, na hakutafuta. Alivuta droo ya juu, akatoa kadi ya Fundi Rangi iliyokuwa peke yake pembeni.

Msusi aliitazama ile kadi. "Mbona ilikuwa imetengwa?"

Katibu alijishughulisha na kalamu. "Niliona tarehe imepita," alisema mwishowe, na kauli ya ofisini ilikuwa imemtoka. "Kila Jumatano, siku ya kliniki, niliiona. Ningeweza kuja kukuuliza, ni mwendo wa dakika kumi. Niliogopa utakachonijibu."

*

Daktari alivuta lita mbili za maji. Alimwita Msusi koridoni, na hakuzunguka.

"Mlikuwa wapi wiki tatu hizi?"

Utamweleza nini daktari? Kwamba mlikuwa mnalinda jina la Mungu?

"Pafu la kushoto ndiyo basi," daktari aliendelea. "Mngekuja kwa wakati tungeokoa sehemu yake. Sasa kazi yetu ni kumpunguzia taabu. Nakuambia ili ujiandae, mama. Hesabu miezi, usihesabu miaka."

Alishukuru, maana ndivyo mtu anavyosema kwa daktari, akaenda akaegemea ukuta. Alijua hasara ile ni ya nani. Si ya shetani, kama angesema mtu kanisani. Ilikuwa yake yeye, aliyemwachia mumewe mto badala ya kliniki.

*

Jumapili alikwenda kanisani peke yake. Kadi ya hospitali ilikuwa kwenye pochi na hakuwa amelala. Katibu aliketi safu ya mbele, kitambaa kimefunika nusu ile isiyosukwa, daftari mapajani, hajamwambia mtu neno. Wageni watatu waliketi kwenye viti vyenye mito.

Ibada ilipofika mahali pake Mchungaji alinyoosha mkono, uso unang'aa. "Na sasa, yule ndugu yetu!"

Msusi alipanda ngazi zile tatu. Mchungaji alichungulia nyuma yake kumtafuta Fundi, kisha akampa kipaza sauti bila kuelewa.

"Nimekuja kurudisha ushuhuda," alisema Msusi.

Mtu mmoja aliitikia "Amina!" kwa mazoea, akanyamaza.

"Mume wangu ni mgonjwa. Alipata nafuu siku chache nikasema amepona. Ugonjwa uliporudi nikamficha. Nilimzuia kwenda kliniki kwa sababu niliona aibu kwenu. Nilimfunga mdomo mama yake asimwombee kwa sauti. Pafu lake moja limekufa, na mimi ndiye niliyelichelewesha. Katibu, nakuomba ufute uliyoandika. Na nyinyi mniombee, kwa sababu mimi kuomba kumenishinda. Sijaomba tangu ugonjwa uliporudi."

Kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba mgeni mmoja alipokunja karatasi yake watu wote walisikia. Mchungaji alipokea kipaza sauti, akakiweka mdomoni, akakishusha. Alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu barabarani. Msusi alimwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe.

Ndipo kutoka safu za nyuma benchi likalia. Alisimama Muuza Mkaa, mrefu, mweusi wa masizi hata Jumapili, ambaye mwaka jana alishuhudia kwamba ameacha pombe na kanisa likamnunulia baiskeli.

"Na mimi nimerudia," alisema, anatazama sakafu. "Mwezi wa pili sasa. Nakunywa nyumbani, mlango nafunga."

Mkewe aliyekuwa ameketi pembeni yake alijifunika uso kwa viganja. Kisha akatoa mkono mmoja, akamshika mumewe upindo wa shati, akabaki ameushika.

"Tuombe," alisema Mchungaji, na hakuendelea. Alipiga magoti pale pale kwenye ngazi, mgongo kwa wageni. Watu walianza kuomba, kila mtu kwa shida yake na sauti yake, wengine wanalia waziwazi. Katibu alilifunga daftari, akaliweka chini ya benchi, naye akaanza.

Msusi alisimama katikati ya sauti zile, midomo imekauka, hana hata neno moja.

*

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, wagonjwa kumi na wanne. Fundi Rangi alikuwa ameegemezwa, mrija ubavuni, uso umerudiwa na rangi kidogo. Msusi aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yote?"

"Yote. Hata la mama yako."

"Wakakuzomea?"

"Muuza Mkaa alisimama akasema anakunywa."

Fundi alitabasamu. "Maskini. Na ile baiskeli?"

"Hakuna aliyeitaja." Msusi alimshika mkono, na safari hii mkono ulibaki. "Nisamehe, baba."

Fundi alimtazama sana, na Msusi hakukwepesha macho. "Nina hasira na wewe," alisema. "Bado ninayo. Lakini usitoke."

"Sitoki."

"Daktari amekuambia nini? Mimi amenizungusha."

Msusi angeweza kusema hajambo, atapona, subiri kidogo. Maneno yalikuwa tayari ulimini, ameyazoea. "Amesema miezi," alisema. "Si miaka."

Fundi alifumba macho. Machozi yalimtoka pande zote mbili, yakashuka mpaka masikioni, na Msusi akayafuta kwa kiganja.

"Basi omba," Fundi alisema, macho bado kayafumba. "Niombee mimi, mke wangu. Hapa hapa. Nikusikie."

Msusi alitazama huku na huku. Vitanda vilikuwa vimesongamana, wagonjwa wanasikia kila kitu, muuguzi anapita na sinia la dawa. Kisha akaanza, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia.

"Mungu, ni mimi. Zile shukrani nilizokupa kabla ya wakati, kaa nazo, usinirudishie. Sikuzitoa kwa hila. Leo nimekuja kuomba. Daktari amesema miezi. Mimi nataka miaka. Nataka azeeke nimwone. Ukinipa miezi nitalia, na nitakulilia wewe, maana sina mwingine, na sitamficha mtu kwamba nalia. Lakini nimekuomba miaka. Umesikia? Miaka."

Hakujua amalizie vipi. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee asiyewajua, aliyekuwa amewapa mgongo muda wote, akaitikia amina.